Ngazi za Musikiti Mupya

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Ganza, mudogo wangu, ametutembeza musikiti mupya, mi na Mama. Yeye ndiye aliyeuchora. Mutoto wa Gisenyi, arshitekti! Kuta za mawe meusi ya volkano, vioo virefu, mwanga wa ziwa mpaka kwenye mihrabu. Muzuri kabisa.
Nikauliza, wanawake wataswali wapi?
Juu, akasema.
Ngazi za chuma, kali, zinajizungusha kama konokono. Na Mama anatembea na fimbo! Aliweka muguu mumoja, akautoa. Akasema tu, Mungu abariki mafundi.

Jumatano, 6 Agosti
Hasira haijashuka. Nimemupigia Ganza. Ati kamati ya musikiti ilitaka chini pote pawe pa wanaume. "Donc, basi, Nasrine, ni dizaini." Dizaini! Nikamuuliza: ulipokuwa unachora, Mama alikuwa wapi kichwani mwako? Akarudia kamati, kamati. Halafu ati wazee wanaruhusiwa kuswali nyumbani.
Nimekata simu. Sisi wanawake ndio tuliopikia mafundi, toka msingi mpaka paa. Hapo hakuna aliyetuambia tubaki nyumbani!

Alhamisi, 7 Agosti
Mama anapiga pasi kanzu yake ya ufunguzi wa kesho. Nikamwambia ngazi haitakuwa imebadilika kesho. Akanyunyiza maji, akaendelea na pasi.

Ijumaa, 8 Agosti
Ufunguzi. Naandika kwa simu, humu humu ndani.
Mama amepita ngazi kama haioni. Ameingia mulango mukubwa, amekaa nyuma kabisa ya wanaume. Mi kando yake. Jirani yetu Belise, iko na mimba kubwa, naye akakaa. Muzee mumoja wa kamati akaja: mama, nafasi yenu iko juu.
"Naiona," Mama akasema. "Iko mbali."
Wakamuita Ganza. Akaja mbio na suti yake, jasho tele, akachuchumaa. "Mama, panda mugongoni, nikupeleke."
Mbele ya watu wote! Nilitaka kumusukuma.
Mama akamutazama. "Mwanangu, mi nilikubeba mugongoni siku volkano ilichoma Goma na tukakimbia. Sikudai unirudishie. Sitaki mugongo wako. Nataka mahali."
Ganza bado amechuchumaa. Hasimami, haondoki. Imamu ameshika mimbari, hotuba haianzi, wanaume wote wametugeukia.
Chuma cha ngazi kinalia juu yetu. Wanawake waliokuwa wamepanda wanashuka kuja kukaa nasi — mumoja mumoja, ngazi haipitishi wawili.