Fundi Anayesaini Ndiye Hupanda

Jumamosi. Mlima Meru umejifunika wingu tangu alfajiri, na baridi ya Moshono imenifuata hadi hapa bwenini. Moyoni, hata hivyo, nina joto la kutosha.

Nakiri: leo nilikwenda Moshono kwa baba mdogo kutafuta silaha, si ukweli. Keshokutwa nitahutubia kongamano la wanafunzi, na mada yangu imekwisha kubandikwa ubaoni: "Ndege Kuukuu za Jeshi Ziuzwe kwa Chuma Chakavu." Baba mdogo alikuwa fundi wa ndege za usafirishaji jeshini hadi alipostaafu. Nilitaraji manung'uniko yake yanipambie hotuba.

Nilimkuta akipogoa kahawa. Baada ya shikamoo nikamsomea aya niliyoipenda kuliko zote, isemayo kwamba ndege isiyobeba bunduki hailindi anga.

Hakuinua uso. "Na rada itafikaje mpakani, mama? Utajitwisha kichwani kama mkungu wa ndizi?"

Nilicheka, lakini ilinichoma. Rada, mizinga ya kutungulia ndege, mafuta, askari wenyewe: vyote hulisubiri lile dege la mizigo nililolidharau. Likilala bovu, anga la upande ule halina mlinzi.

Nikajitetea kwamba madege hayo yamezeeka, yataua watu. Ndipo akanieleza desturi ya karakana yao: fundi anayesaini kwamba ndege imepona, ndiye hupanda katika safari yake ya kwanza. Siku moja aliona ufa mwembamba kama unywele kwenye bawa. Mkubwa wake akamhimiza asaini hivyo hivyo. Yeye akakataa. Ndege ikalala hadi kipuri kilipopatikana, naye akaitwa mwoga.

"Uzee peke yake hauangushi ndege," alisema. "Saini ya uongo huiangusha. Hiyo hotuba yako, ungeipanda?"

Nikaikunja karatasi ya hotuba.

Ni matamko mangapi nimeyaandika kwa moto, kisha nikayasaini "Sisi Wanafunzi"?

Basi hotuba ile nimeifuta. Keshokutwa nitadai vipuri vifike kwa wakati, vijana wafundishwe kazi hii kabla mafundi wa rika la baba mdogo hawajaisha, na ndege iliyokataliwa na fundi isiruke, hata mkubwa akinuna. Watakuwapo wa kuzomea kwamba nimegeuka. Wazomee. Nitaanza kwa kusema nilikosea, na nilikosea wapi.

Mada mpya nimeibandika mwenyewe jioni hii, juu ya ile ya kwanza. Chini yake nimeandika jina langu kamili.