Gita Katika Nyumba ya Eda

Mpendwa Baba,

Gita lako liko palepale kwenye msumari nyuma ya mlango, na nyuzi zake ziko vile ulivyozitaka wewe. Nimehangaika nalo mpaka vidole vikavimba, nawe ungenicheka tu. Nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumweleza yaliyotokea Jumatano. Mama mdogo Mwanaisha alikuwapo, lakini hataki yazungumzwe tena humu ndani.

Unajua ulimwacha Mama katika hali gani. Jina langu lilikuwa limeanza kumtoka, lako bado. Ulipoanguka pale uani alikuwa jikoni, na alikuona ukibebwa. Tulipokwisha kukuzika tukamkalisha eda kama mjane yeyote, ndani, bila wanja wala manukato, na mdogo wake akaja kutoka Jego kukaa naye. Kesho yake asubuhi akaniuliza mbona amefungiwa, na ni nani aliyekufa. Nikamwambia. Alilia, Baba, sijapata kuona mtu akilia vile. Siku iliyofuata akaniuliza tena, nikamwambia tena, akalia vilevile, habari imemfikia upya. Alipouliza mara ya tatu, Mama mdogo alinishika mkono nisimjibu. Tangu hapo akiuliza tunamwambia apumzike.

Basi mtu akae eda asijue anamkalia nani. Nimeona mengi, hili sikuwahi kuliona.

Alichokuwa akikitaka ni gita. Kila alasiri, baada ya kuswali, aligeukia dirisha la uani na kusema, "Mwambieni baba yenu apige." Hakusema kwa huzuni. Alisema kama anayeagiza chumvi. Akikosa kusikia kitu, sahani ya jioni alikuwa haigusi, na mikono yake ikaanza kuwa myembamba hata bangili tulizomvua zisingemkaa tena.

Namkumbuka akikusikiliza zamani. Ulikuwa ukirudi kutoka kupiga bendi hotelini Diani, unavua kwanza lile shati la maua mlilovalishwa, unalitupa kwenye kamba kana kwamba limekukosea, halafu unakaa juu ya kreti ya soda. Gita la hotelini lilibaki hotelini, limekazwa kama magita yote ya dunia, kwa ajili ya zile nyimbo za kukaribisha wageni. Hili la nyumbani lilikuwa na mambo yake. Bluzi, ule muziki wa watu weusi wa Amerika, uliuokota kwenye kaseti za baa, na kwa vile hapakuwa na wa kukufundisha, ukautafutia nyuzi mwenyewe. Ulizishusha nyingine mpaka ukainamisha kichwa kwa kuridhika, ukavaa kipande cha bomba kwenye kidole cha mwisho, ukaanza kukitelezesha juu ya nyuzi. Majirani wa Mwabungo walisema gita la mume wa fulani lina homa.

Ule uzi wa pili na wa tatu ulikuwa ukizipandisha na kuzishusha mpaka zinakaribia kuwa sauti moja, halafu unauacha mmoja nyuma kidogo. Zikigongwa pamoja zilitetemeka. Ulikuwa ukiziita wake wenza. Ulisema wakipatana kabisa nyumba inakuwa haina habari. Mama akakujibu kutoka jikoni bila kugeuza shingo, "Unaye mmoja na amekushinda." Ukacheka mpaka bomba likakutoka kidoleni.

Nilikuomba unifundishe. Ukanifundisha nyimbo za hotelini, kwa mkazo wa kawaida, ukisema hii ya uani haimpi mtu ugali. Nikaenda zangu Ukunda kushona nguo, na nyimbo za hotelini pia hazikunipa ugali, lakini hayo tuyaache.

Sasa sikia kilichotokea. Siku ya pili ya matanga alikuja mzee Karisa, mwenzako wa bendi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku machozi yanamtoka. Baada ya dua alikuta gita lako ukutani, akaligusa, akaona nyuzi zimelegea. Kwa mpigaji, gita la marehemu lililolegea ni aibu ya nyumba, ni kama kumwacha mwenzako na kanzu chafu. Akaketi kwenye mkeka, akalipangusa vumbi kwa kitambaa chake, akazipitia nyuzi moja moja na kuzikaza kama alivyofundishwa, akalirudisha kwenye msumari. Alidhani limelegea kwa kukosa mtu. Mimi nilikuwa jikoni na wanawake wenzangu, tunapakua wali. Nilimwona, nikamshukuru.

Nilipolishusha baadaye nimpigie Mama, nikagundua limekazwa kama lile la hotelini, mpangilio wako umepotea. Nilijaribu hivyo hivyo. Mama akasikiliza kidogo, kisha akamwambia mdogo wake, "Huyo si yeye. Mwambieni mgeni aende zake."

Nikamfuata mzee Karisa kwake. Nilipomweleza, aliitazama mikono yake. Akaniambia, "Mwanangu, nimeyafuta maneno ya mwenzangu, na nilidhani namsitiri." Nilimuuliza anakumbuka nini. Hakukumbuka sauti ulizoziacha, kwa kuwa hakuzisikiliza kabla ya kukaza. Alikuwa akisoma dua moyoni mikono ikifanya kazi. Ila mikono ilikumbuka jambo moja. Nyuzi mbili za katikati, wa tatu na wa nne, hazikuhitaji kukazwa. Zilikuwa mahali pake.

Hilo lilinitosha. Nilirudi nyumbani, nikaziacha hizo mbili, nikaanza kuzirudisha nyingine kwao. Wa pili nilimshusha hadi karibu na wa tatu, nikamwacha nyuma kidogo, wake wenza wako wakaanza kutetemeka, nikalia. Uzi mnene nikaulegeza mpaka ukawa sauti ya ule wa nne, ila chini kabisa. Wa kwanza pia nikautafutia sauti hiyohiyo, kwa juu. Ule wa tano nikaupeleka kwa wa tatu. Hapo ndipo nilipoona ujanja wako, Baba. Nyuzi sita, na ndani yake mna sauti mbili tu. Ile sauti inayomwambia mtu kama wimbo huu ni wa raha au wa kilio, hukuiweka popote. Sikuelewa kwa nini. Nilifurahi tu kwamba gita limepata homa yake.

Mama mdogo alikataa. Alisema kupiga gita kwenye nyumba yenye eda ni kuitukana, na kwamba nikisemwa kijijini nisimtaje. Tulivutana siku kadhaa. Kisha Mama akaacha hata uji, akawa anakunywa maji tu. Mama mdogo akanijia ninakoanika nguo, akasema, "Piga. Mungu anamwona alivyokonda."

Jumatano alasiri nikakaa uani, kwenye kreti yako, chini ya dirisha lake ili asinione. Nikavaa bomba. Nikaanza na ule wimbo uliokuwa ukianza nao, unaozunguka mahali pamoja kabla ya kwenda popote.

Nilimsikia akiweka kikombe chini. Akasema, "Ndiye." Kisha akamwita mdogo wake asogee karibu. Mama mdogo ananiambia alikuwa akitabasamu, amekaa wima, mikono mapajani, kama bibi harusi. Nami huku nje moyo ulinijaa, nikajiona nimeshinda.

Nikazunguka mara ya kwanza, nikafika pale unapoanza kuimba. Nilikuwa nimesahau, Baba. Wallahi nilikuwa nimesahau kwamba hapo huwa unaingia wewe. Gita likafika pale likabaki tupu, sauti mbili na shimo katikati, na ndipo nikajua ile ya tatu ulikuwa umeiweka wapi. Ulikuwa nayo kooni. Nikajaribu kuiimba, koo likakataa. Nikazunguka tena, kama ulivyokuwa ukifanya ukitaka kuvuta pumzi kwanza.

"Mbona haimbi?" Mama akauliza.

Nikazunguka tena. Ningeweza kuacha pale, nikasema uzi umekatika. Lakini nilijua anakungoja, na mikono ikawa haikubali kusimama kabla hajakupata.

Nikafika mahali pako tena. Pakapita bila wewe.

Akasema, polepole, kwa ile sauti yake ya zamani ambayo hatujaisikia mwaka mzima, "Kumbe ndiyo maana niko eda."

Nikaliweka gita chini. Sikumsikia akilia. Nilipoingia alikuwa ameketi palepale, amejifunika ushungi vizuri, ananitazama usoni. Akaniita kwa jina langu, akaniambia nyuzi nilikuwa nimezikaza sawasawa.

Tangu siku hiyo hajaniuliza kitu. Anakula anachopewa, kidogo, bila kubembelezwa. Akimaliza kuswali hageukii tena dirisha la uani, anageukia ukuta. Jina langu limeshamtoka tena. Lakini kwamba wewe umeondoka, hilo halijamtoka, na sijui tena kama nililomfanyia ni wema. Nilitaka kumletea sauti yako apate kula. Nikamletea kifo chako, na hicho ndicho alichoweza kukishika.

Mungu akurehemu, Baba, na akupanulie pale ulipolala. Pumzika. Huku hakuna tena anayekungoja.

Binti yako,
niliyebaki na Mama