Jibu la Sista Mkuu

Jumanne, baada ya Isha

Na bado Mama ataka kujua kwa nini naacha kazi niliyoianza juzi tu.

Leo tena niliachiwa wodi nzima peke yangu. Bibi mmoja alifariki, na wanawe wakanihimiza wapewe maiti wamzike baada ya Alasiri. Nikawa namfunga kidevu huku wagonjwa wengine wakiniita. Nilimwomba sista mkuu anisaidie. Akanijibu, macho kwenye simu, "Sisi pia tulianza hivi hivi."

Jioni mwanafunzi wa uuguzi aliniomba nimwoneshe kutia sindano, machozi yakimlengalenga. Nikamjibu maneno yale yale, kwa sauti ile ile.

Mama, kazi naiweza. Ninachoogopa ni kuizoea.