Mgongo wa Pankrasi

Jumatatu, 12 Mei 1913

Pentekoste imepita jana, leo tumetoka Songea alfajiri. Mimi, mume wangu Athanasi na binti yetu Lidwina. Tunakwenda kuona pori la wanyama, lile ambalo serikali imekataza watu kuwinda. Nani mwingine mjini amewahi kufunga safari kwenda kutazama tembo tu, bila bunduki wala mzigo wa kuuza? Majirani wamebaki wameshika viuno.

Aliyetualika ni Pankrasi, mlinzi wa pori hilo. Anamtaka Lidwina. Baba mtu keshakubali, linalongojwa ni neno langu. Sijalitoa. Lidwina anasoma kunishinda, anashona hata nguo za masista — kijana wa porini atampeleka wapi?

Ijumaa, 16 Mei

Tumefika. Miguu imevimba. Pankrasi alikuwa anatungoja njiani. Aliponiona tu akaruka pembeni, akanipa mgongo, akachutama akitazama kichuguu. Ni adabu yetu Wangoni: mkwe hamtazami mama wa mkewe, hali chakula mbele yake, hamgusi hata kwa kidole. Na mama naye hujifunika uso, hasemi naye. Lakini mimi nimeshakuwa mkwe wake lini?

Nikamsemesha uso wazi: shikamoo yangu iko wapi? Akakiamkia kichuguu.

Athanasi alicheka mpaka akakohoa. Nikasema sijifuniki ng'o, huyu ni kibarua wa kutuonyesha njia.

Jumamosi, 17 Mei

Tembo! Walikuwa wanabandua magome ya miti. Mama mmoja alikuwa anamsukuma mwanawe kwa mkonga, sogea, sogea — nikamwelewa kabisa yule mama.

Pankrasi husema nami kwa kupitia Lidwina, ingawa tumekaribiana. Mwambie mama ahamie huku, upepo unawapelekea harufu yetu. Nami: mwambie nimesikia.

Mchana tukapita penye mafiga matatu katika nyasi. Kabla ya vita vya Maji Maji hapa palikuwa kijiji cha shangazi yangu. Sasa ni njia ya tembo. Makaburi ya watu wake yamepaliliwa vizuri, hayana hata jani. Athanasi akauliza nani anayapalilia. Lidwina akamwonyesha Pankrasi kwa kidevu.

Nilikuwa na vumbi machoni.

Jumapili, 18 Mei

Asubuhi tumesali, kisha tukavuka mto Mbarang'andu, maji ya magoti tu. Viboko wamejaa kule, wamelala kama mawe yenye masikio. Raha sana.

Wakati wa kurudi — mto umejaa. Mvua imenyesha huko juu. Pankrasi akambeba Athanasi mgongoni. Lidwina akavuka ameshika fimbo yake. Nimebaki mimi. Wala si mwepesi, namshukuru Mungu nimekula vizuri.

Pankrasi amerudi. Amechutama majini, amenipa mgongo, anatazama ng'ambo. Kwa mara ya kwanza amenisemesha mwenyewe, bila kupitia kwa mtu. Panda, mama, mimi kibarua tu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Nikipanda, nimesema mbele ya wote kwamba si mkwe wangu. Athanasi anapiga kelele kule: panda, mwanamke, si ulisema hujifuniki! Lidwina kaweka mikono kichwani.

Nilimwambia Pankrasi atoke majini, atapata homa. Hakutoka.

Nimekaa juu ya jiwe, naandika. Maji hayajapungua hata kidogo, na chakula chote kiko ng'ambo. Kanga imelowa, lakini nimeivuta nikajifunika uso. Naandika kwa kuchungulia chini ya upindo.

Lidwina anapiga vigelegele huko. Atawashtua viboko. Athanasi kavua kofia.

Pankrasi anauliza kuna nini. Anauliza tena. Hawezi kugeuka, na mimi siwezi tena kumwambia.