Ng'ombe wa Bwana Bogonko

Ijumaa, 5 Septemba 2025

Saa kumi jioni, Muhuru Bay ikaganda tena. Trizah, karani wetu wa kupima samaki huko, akanipigia kutoka kwenye mizani: samaki wamepimwa, risiti haitoki, barafu inayeyuka. "Lynnet, system imehang! Hawa watu wa mbuta watanimeza!"

Najua chanzo. Ushirika wetu wa wavuvi una seva tano, lakini zote zimo ndani ya sanduku moja la chuma hapa Migori, na storage, ghala la data, ni moja. Walaji watano, sahani moja. Na meneja wangu, Bwana Bogonko, Msabato wa kweli, ameagiza zote zifanye bakapu, yaani nakala za akiba, Ijumaa saa kumi, kwa mpigo, zimalize kabla jua halijazama. Sabato hata mashine ipumzike! Eti amri ya Sabato inamtaja ng'ombe, na seva ndiyo ng'ombe wetu.

Mimi Mkatoliki, nikazipanga alivyotaka. Mkataba wangu unaisha mwezi huu na kalamu anayo yeye.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimemwomba kwa adabu tuzipange kwa zamu. Akakubali! "Lakini panga ndani ya siku sita, Lynnet. Ya saba si yako."

Nne zimeingia vizuri, moja moja, saa ya chakula cha mchana. Imebaki ile ya mafaili ya ofisi. Nene hiyo! Inataka saa mbili nzima. Mchana hupimwa mbuta, usiku dagaa wa omena — nikiigusa tu, Trizah analia. Siku pekee mizani inalala ni Jumamosi, maana nusu ya wachuuzi wako kanisani na Bogonko. Shetani akanikonyeza. Nami nikamkonyeza.

Alhamisi, 11 Septemba

Ripoti ya bakapu ina safu ya siku na saa. Nimeiondoa. Sikudanganya, jamani — nimepunguza wino tu. Bogonko akasaini, akasema sasa nimejifunza utaratibu. Nilienda msalani nikacheka hadi machozi. Kisha roho ikanisuta. Kidogo.

Ijumaa, 12 Septemba

Saa kumi. Shwari! Trizah akapiga kuuliza kuna nini, mbona kila kitu kinafanya kazi.

Bogonko alishinda kwenye ripoti ya mtambo wa barafu wa Muhuru Bay. Bodi itakayoamua mtambo uende wapi inakuja kutoka Homa Bay Jumatatu. Aliimaliza dakika kumi kabla ya jua kuzama, akafunga kompyuta mbiombio. Akanitakia Sabato njema. Nikaitikia, uso mkavu.

Jumamosi, 13 Septemba

Saa nane mchana bakapu imeanza yenyewe. Sijaigusa. Hata ng'ombe hula majani siku ya Sabato.

Jumapili, 14 Septemba

Nimetoka misa, simu: njoo ofisini sasa hivi. Jumapili yeye hufanya kazi. Alikuwa akisafisha folda zake, akafuta ripoti yote! Nimemkuta anatoka jasho. Bakapu ya mafaili anayoijua yeye bado ni ya Ijumaa saa kumi, na kurasa zenye uzito aliziandika baada ya hapo. "Wiki tatu, Lynnet. Bila hizo kurasa, mtambo utapelekwa kwingine."

Nilimhurumia kweli. Na huruma ikanifungua mdomo: "Ipo yote, mzee."

"Yote? Hata za saa kumi na mbili?"

Nikafungua. Kwenye skrini, herufi nene: Jumamosi, 13 Septemba, saa nane mchana. Akasoma. Akasoma tena.

"Nani alimfunga ng'ombe nira?"

Nikajaribu Maandiko: si imeandikwa, ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato hutolewa?

"Huyu hakutumbukia Sabato," akasema. "Ametumbukia leo."

Akaniambia nisibonyeze kitufe cha kurejesha ripoti, akatoka. Kwa hiyo niko hapa naandika, kidole kinawasha. Mkataba wangu nauona mezani kwake, chini ya kikombe, haujasainiwa. Bodi ni kesho saa tatu.

Yuko kwenye korido, amempigia pasta wake. Alianza kwa kunong'ona: kama kosa ni la mwingine, je, matunda yake yanalika? Pasta anaongea kirefu. Bogonko anasema ndiyo, ndiyo, naelewa.

Sasa amepaza sauti: "Na kama huyu msichana ameshabonyeza bila kuniuliza, pasta?"

Mlango ameuacha wazi.