Utepe wa Kumpimia Mtamba

Kaka yangu,

Huku tunaendelea. Mguu wa mama umepona, na bati la jikoni lililokuwa likivuja nimelipigilia mwenyewe. Nakuandikia kwa vipande; kila mstari nainuka kwenda bandani.

Mtamba wetu ana uchungu tangu asubuhi. Miguu ya ndama imetoka, kichwa kimegoma. Bwana mifugo amevua shati, anavuta kamba huku akinung'unika: "Nyonga ndogo, ndama mkubwa. Nani aliwaruhusu kumpandisha huyu?"

Mama akamjibu ni wewe, uliyechagua mbegu ya lile dume kubwa. Mimi nikaishika kamba, nikavuta naye.

Kaka, ulisema tusubiri kumpandisha mtamba mpaka kifua chake kifike alama nyekundu ya utepe. Hakikufika. Nilichoka kuulizwa na mama maziwa lini, nikaulegeza utepe, nikakuandikia kuwa amefika.

Nimerudi kutoka bandani sasa hivi. Mtamba yu hai, ila hasimami. Tumemsogezea ndama wake, anamlamba tu, na ndama hapumui.

Mama anataka nikuandikie kuwa ni bahati mbaya. Naifunga barua hii upesi, kabla hajaniambia nimsomee.

Mdogo wako