Dakika Kumi za Asubuhi

Chemchem, Tabora
12 Agosti 1974

Dada yangu Tatu,

Shikamoo. Mihogo imestawi, na Swaumu wetu ameolewa Jumamosi.

Nilikuficha jambo. Mwezi wa tatu daktari aliniambia moyo wangu unaelemewa, kama wa marehemu mama, nipunguze mwili. Basi kila asubuhi nakimbia polepole, dakika kumi tu. Shemeji yako Abbasi alicheka: "Dakika kumi zitapunguza nini?"

Kweli, zimepungua kilo tatu tu. Lakini daktari ameridhika, na harusini nilicheza ngoma mpaka mwisho bila kuhema. Abbasi ndiye aliyetafuta kiti!

Leo asubuhi nimemkuta mlangoni ameshavaa raba. "Twende, mama Swaumu," akasema, "ila usinikimbie."

Mdogo wako mwenye pumzi mpya,
Mwanahawa